Plasma ya Mama, LCD ya Mwana

Televisheni ya chogo ilikata roho katikati ya taarifa ya habari. Ilitoa mlio kama wa karanga zikikaangwa, picha ikajikunja mpaka ikawa nukta moja nyeupe, nukta nayo ikazimika, na sebule nzima ikabaki inatazama kioo cheusi. Mama mkwe alishika kifua. Mume alikwenda kuipiga kofi la ubavuni kama alivyozoea, safari hii isiamke. Kimya peke yake ndiye aliyefurahi, naye aliinamisha uso asije akaonekana.

Kimya ni jina alilopewa na mama mkwe wiki ile ile aliyoletwa pale bibi harusi, kwa kuwa kila alichoulizwa alijibu kwa kichwa. "Kimya wangu," mama humwita, na humwita kwa mapenzi, hakuna kejeli ndani yake. Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa mambo. Mkwe mkali mtu humkimbia, na majirani wakamwelewa. Huyu alikuwa mkwe wa kumwachia mnofu, wa kumfunika kanga akipitiwa na usingizi mbele ya cherehani. Mchana walishona mapazia pamoja, meza moja, mkasi mmoja. Jioni walikula pamoja. Usiku Kimya alilala na mumewe katika chumba ambacho ukuta wake ndio ukuta wa sebule, akisikia kila kikohozi cha mama, na mama naye, bila shaka, akisikia vyao. Tangu aolewe hajapata kufunga mlango ukabaki umefungwa. Akiufunga tu atasikia kitasa kinazungushwa taratibu: "Kimya wangu, umelala? Hata, nilitaka kukuona tu."

Basi yeye na mumewe walitafuta vyumba kwa siri, kama wezi. Wakapata viwili juu ya duka la rangi, vyenye dirisha linalotazama barabara na mlango wenye komeo la ndani. Kimya alilifunga lile komeo, akalifungua, akalifunga tena, mpaka mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye haraka zake, akamwuliza kama amekuja kupanga au kununua komeo. Walikubaliana kuhamia mwisho wa mwezi. Likabaki moja: mume amwambie mama yake.

Mume alikuwa akimwambia kila siku, kesho. Alikuwa mtoto wa pekee, baba yake alikufa yeye yuko mgongoni, na kwa mama yake hakujua kusema neno lenye ncha. Aliahidi atasema jioni, habari zikiisha. Habari zikiisha unaingia mchezo wa kuigiza, na mama huinua kidole: ngoja kwanza, nimwone huyu mwanamke kama kweli atatia ile sumu. Mchezo ukiisha, mama ameshasinzia. Televisheni ndiyo iliyokuwa kichaka cha mume. Ndiyo maana ilipokufa Kimya alifurahi. Kichaka kimeungua, sasa mnyama atajificha wapi?

Mume alikohoa. Akavuta kigoda karibu na miguu ya mama yake. Kimya akaacha hata kupumua.

"Mama," alisema mume, "usihuzunike. Tutanunua nyingine. Hizi bapa, za kisasa."

Kikaanza kitu ambacho Kimya hakukitegemea. Mume alifanya kazi ghalani, mpanga mizigo, na huko wenzake walimjaza maneno. Akarudi nyumbani anajua kwamba bapa si bapa tu, kuna plasma na kuna LCD, na mwenye akili anachukua LCD. Plasma, alisema, inakula umeme kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Inatoa joto kama jiko. Kioo chake kinang'aa, mchana utatazama dirisha lako mwenyewe badala ya mchezo. Tena nzito, kwake yeye kitu kizuri ni kile mtu mmoja anachoweza kukitia kwapani akatoka nacho.

Mama naye hakuwa wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alikuwa ameingia nyumba nyingi kupima madirisha ya wateja, akaziona zote mbili zimewashwa. Alisema LCD haijui nyeusi. Yeye ameshona kitambaa cheusi maisha yake yote na anaijua nyeusi ya kweli. Ile ya LCD ni kijivu kilichovaa koti. Plasma usiku ni usiku, nywele ni nywele. Uzito si tatizo, kwani nani anaipeleka wapi? Ataita fundi atoboe ukuta, aweke vyuma, iningʼinie pale mpaka wajukuu waikute.

Aliposema wajukuu waikute, mume alitazama sakafu.

Walibishana hivyo wakati wa chai, wakati wa chakula, mama akishona na mume akivua viatu, wakichekeana, wakitupiana vijembe. Mama akamwambia mwanawe kwamba tangu akiwa mdogo alipenda vitu vya bei ya chini na kelele za juu. Mume akamjibu kwamba yeye mama anataka plasma kwa kuwa shoga yake wa mtaa wa pili anayo. Mtu wa nje angesema ni nyumba yenye raha. Kimya alikaa pale alipokuwa akikaa siku zote, kwenye zulia kando ya mlango wa jikoni ili iwe rahisi kuinuka kuleta maji, na yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba hawabishani juu ya televisheni.

Chumbani mume alimnong'oneza. "Unaelewa ninachofanya? Ikiwa nyepesi, siku yenyewe tunaibeba, tunaondoka nayo. Mama akiona nimenunua kitu cha kubebeka, atajiongeza mwenyewe."

"Na asipojiongeza?"

Mume aligeukia ukutani. Ukuta wa sebule.

Kimya alilala macho, akijiona mjinga, kwa sababu alijikuta na yeye anapiga hesabu ile ile. Plasma ni vyuma ukutani, ni kubaki. LCD ni kwapani, ni komeo la ndani. Mtu akizidiwa na maji hushika hata jani. Akaanza kuiombea LCD.

Kura zikafungana, moja kwa moja, na kila mmoja akamwendea yeye. Mume alimkonyeza mezani. Mama alimshika mkono juu ya kitambaa, mchana, mashine zikiwa zimezimwa, akamwambia kwamba wanaume wanajua kubeba tu, kutazama wanajua wanawake. "Nitakachokichukua ni kile utakachokiona wewe vizuri. Wewe ndiye unayekaa pabaya." Kimya akatikisa kichwa kwa namna isiyo ndiyo wala siyo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi walikwenda dukani watatu. Duka lilikuwa refu na jembamba, televisheni zimepangwa ukuta mzima, zote zinaonyesha samaki wale wale wakiogelea. Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai fupi na maneno marefu. Aliwapeleka mbele ya plasma na LCD zilizowekwa bega kwa bega, akaanza kuhubiri. Plasma kila tone la picha linajiwakia lenyewe, ndiyo maana likizima linakuwa jeusi kabisa. LCD ina taa nyuma, inawaka muda wote, ndiyo maana weusi wake haufiki chini, lakini mchana jua likiingia inasimama imara. Plasma usiiachie picha moja siku nzima, itabaki na kivuli chake. Chagueni wenyewe, alisema, zote ni wanangu.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama duka lina viti.

Muuzaji alidhani amechoka, akaleta kimoja. Mama akataka vingine. Akavipanga mwenyewe, akivisukuma kwa goti, akirudi nyuma kupima kwa jicho kama anavyopima dirisha. Viti vitatu vilivyobanana, hilo kochi kubwa. Kimoja kulia, hicho cha mwanawe. Katoni la jokofu akalisukuma kushoto, likawa ukuta wa jikoni. Alipomaliza, sebule yao ilikuwa imesimama katikati ya duka, na wanunuzi wawili walikuwa wameacha kutazama samaki wanawatazama wao. Mume alijikuna shingo.

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waangalie, si wamekuja kuangalia? Kaa kwako." Mama akakaa kochini, akapanga miguu. Akamgeukia Kimya. "Na wewe, Kimya wangu, kaa kwako."

Kimya alitazama ile nafasi kando ya katoni. Hapakuwa na kiti. Mama hakumwekea kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kiti, wala hakuna aliyekuwa amewahi kuliona hilo kuwa jambo. Akakusanya gauni, akaketi chini, sakafu ikiwa baridi, bega lake likigusa katoni. Ajabu ilikuwa kwamba mwili wake uliijua ile nafasi. Hata shingo iliinama yenyewe upande uliozoea.

Muuzaji akawasha LCD, akaweka mchezo, watu wawili wakizungumza jikoni. Kutoka pale chini pembeni, Kimya aliona picha imepauka. Nyuso zilikuwa na rangi ya majivu, nywele zimekuwa moshi, na ukutani kwao palikuwa kama pamemwagwa maziwa. Akawasha plasma. Watu wale wale wakapata damu. Kimya aliona hata jasho juu ya mdomo wa yule mwanamke.

"Haya," alisema mama bila kugeuka. "Ile ya kwanza unaiona?"

"Naiona vizuri."

"Kama hii?"

"Sawasawa na hii."

Mume aliachia pumzi. Muuzaji, ambaye kazi yake ni kujua televisheni inaonekanaje kutoka kila pembe, alitazama tai yake.  Mama akainuka, akaja mpaka kwenye katoni, akashikilia bega la Kimya, akajishusha na magoti yake yote mabovu mpaka akaketi sakafuni kando yake, shavu kwa shavu. Akaomba LCD iwashwe tena. Walitazama pamoja.

"Mwanangu," alisema mama kwa sauti ya chini, "hapa hata sijui nani mwanamume nani mwanamke. Umekuwa ukikaa hapa muda wote huu?"

 Kumdanganya mkwe kwa kichwa Kimya alikuwa amezoea, kumdanganya kwa mdomo alikuwa hajazoea, na masikio yalimwaka moto.

Muuzaji alikwisha kushika katoni la plasma. Lakini mama aliinuliwa, akapangusa gauni, akatazama plasma kwa hamu ya mtu anayeaga, akamtazama mwanawe. Alisema hataki wagombane kwa ajili ya kioo. Kama mwanawe roho yake iko kwenye LCD, achukue LCD.

"Ila huyu anatoka pembeni," alisema. "Kuanzia leo anakaa na mimi kochini, katikati kabisa, pale inapoonekana vizuri. Mimi nitasogea. Nyumba ni yake, mbona akae mlangoni kama mgeni?"

Mume akatabasamu kama aliyeshinda. Wanunuzi wale wawili nao walitabasamu, mmoja akasema kwa mwenzake kwamba mkwe kama yule ungemtafuta kwa tochi. Kimya aliona lile kochi. Aliliona jioni ya leo na ya kesho, nyonga ya mama imegusana na yake, mkono wa mama juu ya paja lake, akionyeshwa nani ni nani kwenye mchezo, mpaka nywele zake mwenyewe ziwe nyeupe. Maneno yakamtoka kabla hajayaruhusu.

"Mama, sisi tunahama."

Duka halikunyamaza, samaki waliendelea, redio ya duka iliendelea. Uso wa mama haukubadilika. Aligeuka tu, polepole, akamwelekea mwanawe.

"Mnahama?"

Mume alikuwa ameshika rimoti. Aliigeuza, akafungua kifuniko cha betri, akakifunga.

"Ni maneno tu, mama," alisema. "Tulikuwa tunaongea tu, kama watu wanavyoongea."

"Nilijua ni maneno tu," alisema mama, akampigapiga Kimya mkononi, kwa upole. "Mtu akikaa pabaya muda mrefu huongea." Kisha akamwuliza muuzaji kama hii nyepesi nayo inatobolewa ukuta, au ndiyo mpaka iwe nzito.

Inatobolewa, mama, alisema muuzaji. Tena nyepesi ndiyo inayoshika zaidi. Vyuma vyake vinakuja bure.

Njiani mume alibeba boksi begani, mtu mmoja, kama alivyosema. Alitembea mbele. Kimya alitaka amwone usoni lakini boksi lilikuwa pana.

Fundi alikuja jioni ile ile, jua bado liko dirishani. Alikuwa mzee mkavu mwenye penseli sikioni, wa maneno machache, akipita na mashine yake ya kutobolea kama watu wengine wanavyopita na mwavuli. Alisema kosa la watu wengi ni kuweka televisheni juu mno, shingo zikaja kuuma. Inapimwa kwa macho ya mtu anayekaa katikati. Nani anakaa katikati?

"Huyu," alisema mama, akamvuta Kimya kochini. Palikuwa laini. Palikuwa na joto la mama. Mume alisimama karibu na ukuta ameshika vyuma, kimoja kila mkono.

Fundi alinyoosha utepe kutoka kwenye jicho la Kimya kwenda ukutani, akafumba jicho lake moja.

"Usitikisike, binti. Ukitikisika mimi nikikosea, itabaki hivyo hivyo."

Kimya hakutikisika. Mama kando yake naye hakutikisika, kumsaidia. Penseli ilikuwa inakwenda ukutani. Ule ukuta Kimya aliujua upande wa pili pia. Pale penseli ilipokuwa inaelekea ndipo ulipokuwa mto wake wa kulalia. Alimtazama mumewe. Alimtazama kwa muda wote ambao mtu aliyekatazwa kutikisika anaweza kutazama. Mume alikuwa anavitazama vyuma, akivilinganisha kama kwamba kimoja kilikuwa kirefu kuliko kingine.

Kimya akainuka. Utepe ukamchapa fundi kidoleni.

"Mpime mama," alisema. "Mimi sitakuwepo."

Alikwenda chumbani. Hakukimbia wala hakuubamiza mlango. Aliusogeza tu ukafika karibu na fremu. Huku nyuma akasikia sauti kavu ya fundi ikiuliza: nitoboe, au nisitoboe?  Kwa mara ya kwanza Kimya alisikia mama hajibu. Alisubiri ameshika ubao wa kitanda. Swali lilikuwa la mtu mmoja tu mle ndani, na kila mtu alijua ni la nani.

"Toboa," alisema mume.

Mashine ikalia. Kitanda kikatetemeka, kioo cha dirisha kikatetemeka, na juu ya mto plasta ikavimba, ikapasuka, ncha ya chuma ikachungulia ikizunguka, ikarudi. Vumbi likamwagika juu ya shuka. Fundi akaomba radhi kutoka upande wa pili: samahani huko, ukuta mwembamba kama biskuti. Tundu likabaki, na mwanga wa sebule ukapenya ukaangukia sakafuni kama sarafu.

Mume aliingia kutazama uharibifu. Alimkuta anakunja nguo. Za kwake alikuwa ameziweka kwenye begi; za mume alizipanga vizuri juu ya kiti, kola juu. Mume akaanza kunong'ona, kwa mazoea, akionyesha tundu kwa kidole. Alisema amwelewe, alisema mama ana umri, alisema hata ikiwa ukutani, vyuma si hufunguliwa kwa spana tu, kazi ya muda mfupi.

Kimya hakunong'ona. Hakupaza sauti pia. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ambayo watu huzungumza nayo majumbani mwao, na tundu likaichukua likaipeleka kwa yeyote aliyekuwa upande wa pili.

"Mwenye nyumba nimekwisha kumwambia tunakuja. Nakwenda kufagia. Ukimaliza na ukuta, nifuate. Usipomaliza, kaa."

  Mume alikaa kitandani, juu ya vumbi, mikono kati ya magoti.

Hakukuwa na njia ya nje isipokuwa ya sebuleni. LCD ilikuwa imekwisha kuwekwa ukutani na kuwashwa, sauti chini, msomaji wa habari akitikisa karatasi zake. Fundi alikuwa anakusanya vitu vyake kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kuwepo. Mama alikuwa amekaa kochini, si katikati. Alikuwa amesogea pembeni, akaacha nafasi. Miguu yake aliinyoosha mbele, kutoka kochi mpaka karibu na ukuta, kama anavyokaa siku zote jioni, na hapakuwa na pa kupita.

Kimya alisimama na begi lake.  Alijua akiambiwa neno moja, akiitwa tu lile jina kwa ile sauti, ataketi.

Mama alimtazama. Alitazama begi, akatazama mlango wa chumbani ambako mwanawe alikuwa hajatoka. Macho yake yalilowa. Hakumwita. Aliikunja miguu, mmoja baada ya mwingine, akaivuta chini ya gauni, kama mtu anavyompisha mgeni.